Turubai, Mchoraji Asiyechora Watu

Kaka yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Turubai, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika nyumba iliyo nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Mimi ni kitindamimba wao, na kwa kudadisi sijambo. Nitakayoyasema nimeyaona au nimeyachokonoa mwenyewe.

Alianza shule mwaka 1959. Siku moja mwalimu wa jiografia aliwaambia wachore ramani ya mtaa. Yeye akatia na vivuli vya nyumba. "Ramani hii ni ya saa ngapi?" mwalimu akauliza. "Ya saa kumi jioni, mwalimu," akajibu kwa heshima zote. Darasa zima likaangua kicheko. Alimaliza sekondari mwaka 1970.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya mabango, akaandika majina ya maduka mpaka alipostaafu mwaka 2011. Jumapili zilikuwa za mandhari: vilima, mabonde, mashamba yaliyotoka kunyeshewa. Alichora palepale, akifinya macho ili apime mwanga na giza. Vivuli alivipaka kwanza, maana vivuli havimsubiri mtu. Majani yalikuwa ya mwisho.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa wifi yetu, mshonaji. Walikuwa wakitoka pamoja kila Jumapili, lakini picha zake zote hazikuwa na mtu hata mmoja. Hilo lilimkera wifi miaka nenda rudi. "Yaani ng'ombe wamo, mimi simo!" Kaka alicheka tu, akaendelea kuosha brashi. Siku moja wifi aliniambia huku analia kwamba mumewe hamwoni kabisa. Roho iliniuma.

Novemba 2023 kaka aligundulika na ugonjwa wa ini. Nikambana palepale wodini: kwa nini humchori mkeo?

"Kwani wewe unadhani mahali pa kuchora nilikuwa napachagua mimi?" akasema. "Namwacha atangulie. Akisimama akanyamaza, nasimamisha stendi yangu ya kuchorea nyuma yake. Nachora anachokitazama yeye."

Kumbe wifi alikuwa mlangoni. "We mwanaume!" akasema. "Miaka yote hiyo si ungesema?" Akaketi kitandani, akamshika mkono, akalia na kucheka kwa pamoja.

Kaka alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024. Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, na mimi mdogo wake.

Picha mnayoiona hapa mbele ndiyo yake ya mwisho. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani, nasi tukajua atachora kilima kilicho nyuma ya hospitali. Alipoigeuza tuione, tukamwona yeye mwenyewe, mzee aliyelala, blanketi limefika kifuani.

"Kaka, na kilima je?" nikamuuliza.

"Hakukitazama hata mara moja."

Pumzika kwa amani, kaka. Wifi bado anakutazama.