Mwenye Kisu Huchukua la Mwisho

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni, nanyi nyote mliopanda milima tangu alfajiri kumsindikiza mama yetu, familia inawapokea.

Marehemu Kornelia Hhando alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Nambis, binti pekee wa Mzee Hhando na Mama Oliva, akitanguliwa na kaka zake Bonaventura na Xavery. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, akafaulu, akaambiwa mtoto wa kike sekondari ya nini, neno lililomkaa kooni mpaka uzeeni.

Nyumbani kwao, mbuzi akichinjwa, aliyekata mafungu alichukua la mwisho. Kwingine husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, ila kwa Mzee Hhando mwenye kisu alikata sawasawa, maana hakujua lipi litabaki kwake.

Tarehe 20 Novemba 1982 alifunga ndoa na Yohanes wa Endasak, wakajaliwa Angela, Emanuel na Verediana. Yohanes alifariki mwaka 1996, naye akarudi Nambis na watoto, akilima mahindi na maharage shambani kwa baba yake.

Mzee alipofariki mwaka 1999, Bonaventura aligawa shamba, Kornelia akadai fungu mbele ya wazee, kaka akacheka, akasema shamba la mwanamke liko alikoolewa, na alipobanwa akamkatia ukingo wa korongo, mawe matupu. Kornelia hakulia. Aliuliza tu, kaka, kisu alikishika nani? Wazee wakamkubalia. Kwa sheria ya baba yao akachagua wa kwanza, akachukua bonde lenye maji, Xavery akafuata, korongo likambakia aliyelikata. Watu walipoanza kupiga vigelegele aliwakemea, akasema korongo lisilomfaa yeye halimfai na kaka yake, basi shamba likapimwa upya, kila mmoja akapata maji, kila mmoja akapata mawe.

Kuanzia mwaka 2004 hadi 2019 alikuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kata, na waliozoea kuwanyang'anya wajane walimjua vizuri.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa hadi tarehe 6 Mei 2025, alipofariki nyumbani kwake.

Jana, kwenye kikao cha msiba, ilisemwa marehemu azikwe Endasak kwa mumewe, na shamba lake lirudi kwa wanaume wa ukoo wa Hhando. Tunajibu kwa heshima, bila kuinamisha kichwa. Kaburi limeshachimbwa, liko shambani kwake. Matanga yakiisha Emanuel atakata mafungu matatu, dada zake watachagua kwanza. Mwenye hoja asimame, ila atuambie kwanza, hilo fungu analowakatia mabinti hawa, yeye yuko tayari kulichukua? Mjomba Bonaventura ameketi hapa mbele, sheria hii anaijua kuliko sisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta kuni, maji na mabega, na wajumbe wenzake wa baraza.

Mama, hili ni fungu lako, na hakuna wa kukuhamisha. Pumzika kwa amani.