Kadi ya Siku Thelathini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye midomo safi, na asifiwe pia na mimi, Suzana Keji, ambaye kwa mdomo wangu nilimvunjia mjane jina lake. Mchungaji ameniita hapa mbele mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikwenda kujificha chooni. Leo sikujificha. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu mkitaka.

Wengi wenu mnanijua kwa kuimba. Wengine mnanijua kwa duka. Nililelewa Kenya, huko wazazi wangu walikokimbilia vita, na niliporudi Juba nilirudi na kompyuta moja na maneno mengi. Nikafungua duka pale Malakia. Ukilitazama kwa mbele ni duka kama mengine: unga, sukari, mafuta, sabuni, majani ya chai. Lakini duka lenyewe hasa liko mtandaoni. Ndugu zetu walio ng'ambo wanaingia kwenye simu zao, wanalipa huko huko, na jamaa zao hapa wanakuja kuchukua mzigo.

Shida ilikuwa moja. Mtu wa ng'ambo hajui nyumbani kumeisha nini. Anamlipia mama yake mchele, na mama ana mchele, anachotaka ni sabuni. Basi nikasema, tuuze kadi ya zawadi. Ndugu ananunua kadi, namba inaingia kwenye simu ya mama, mama anakuja dukani anachagua mwenyewe. Jambo zuri! Nami nasema hata leo ni jambo zuri. Tatizo halikuwa kadi. Tatizo lilikuwa mimi.

Ili kuuza kadi za namna hiyo lazima uwe na programu ya kuziendesha. Nilitafuta wiki nzima nikabaki na tatu. Ya kwanza ilikuwa imara, kadi zake hazifi, lakini kila mwezi ilitaka ulipe sana. Ya pili ilitaka kila anayepokea kadi awe na barua pepe. Barua pepe, ndugu zangu! Kwa mama wa mtaani Mangateen! Ya tatu ilikuwa rahisi, namba inakwenda kwa ujumbe wa simu, na hata mtandao ukikatika dukani inaendelea kufanya kazi.

Nikafunga siku tatu nimwombe Mungu anichagulie. Mnacheka, lakini nani hapa hajawahi kufunga kwa ajili ya jambo ambalo tayari ameshaliamua moyoni? Siku ya tatu wale wa programu ya tatu wakanitumia ujumbe kwamba wana ofa, bei nusu, kwa siku tatu tu. Siku tatu za kufunga, siku tatu za ofa! Nikapiga kigelegele jikoni peke yangu. Nikaja hapa hapa mbele yenu nikashuhudia kwamba Mungu amejibu, mkanipigia makofi.

Kumbe kile kilichonivuta nilikuwa nimekiona kabla ya kufunga. Programu ile ilikuwa na swali: kadi iishi muda gani? Siku thelathini, siku tisini, au bila mwisho. Chini yake wameandika kwamba kadi ikifa kabla ya kutumika, kilichomo kinabaki kwa mwenye duka. Nilisoma maneno hayo mara mbili. Sikumwomba Mungu juu ya maneno hayo. Nikabonyeza thelathini. Palikuwa pia na mahali pa kuwasha ujumbe wa kumkumbusha mtu kwamba kadi yake inakaribia kufa. Nikauzima.

Mama Betty alikuwepo. Huyu mnamjua, ndiye anayepima sukari dukani kwangu, amekaa miaka mingi Uganda, naye mwenyewe anakaa Mangateen. Alisimama nyuma yangu akaniuliza nimebonyeza nini, nikamweleza. Akasema, "Sista Keji, hii siku thelathini iko mbaya. Sasa kama mama iko kwa bika? Mtu ya bika hapana toka nje mpaka arobaini. Yeye iko anakaa kwa mkeka, kadi yake nakufa."

Nikamjibu, "Mama Betty, biashara si bika, si matanga. Wewe shika mizani, programu niachie mimi."

Mtoto mdogo wa hapa anajua kwamba mjane anakaa ndani siku arobaini. Nimekaa mimi mwenyewe kwenye mikeka hiyo nikiwaimbia wafiwa. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilijifanya mtu wa mahali pengine, mahali ambapo hakuna anayefiwa.

Kisha nikatengeneza mabango. Bango moja tulilipiga msumari pale Mangateen, limeandikwa: KADI HAILIWI NA PANYA. Maana yake, usirundike magunia ndani, panya watakula, mvua italowesha, wageni watamaliza. Acha chakula chako kwetu, uje siku unapokihitaji. Likumbukeni bango hilo.

Ndugu zangu, mwanamke mmoja anaitwa Rebeka. Amenikubalia nimtaje. Mume wake aliugua siku chache tu akafa, akamwachia watoto wawili, Poni wa miaka tisa na Lado wa miaka sita. Walikuwa wamepanga Mangateen, lakini ukoo wa mume uko mtaa wa Juba Na Bari, na kaka mkubwa wa marehemu ndiye mwenye neno la mwisho. Rebeka yeye hana mtu hapa Juba. Ana kaka mmoja tu, yuko ng'ambo, anaitwa Simoni. Siku ya pili ya msiba Simoni alinunua kadi kwangu, kadi ya pesa nyingi, akamwambia dada yake: hii ni ya karama. Nanyi mnajua karama ya arobaini ni nini. Ni chakula cha kufunga msiba. Watu wanakuja, wanaomba, wanakula, na mjane anaachiliwa. Mjane asiyelisha watu siku ile, ukoo unasema hakumheshimu marehemu.

Rebeka alifanya akili. Aliliona bango langu. Akasema moyoni, nikileta unga leo waombolezaji watakula wote, siku ya arobaini itanikuta mikono mitupu. Akaiweka kadi. Akaikalia kwenye mkeka wa msiba mpaka siku ya thelathini na nane, anakunywa chai kavu, watoto wanakula mboga za majirani, namba ya kadi ameiandika kwenye karatasi na kuifunga kwenye ncha ya kitambaa. Alitii bango langu! Na mimi niliyeandika bango ndiye niliyekuwa nimeiwekea kadi siku ya kufa.

Siku ya thelathini na nane alimtuma wifi yake, Roza, dada wa marehemu. Roza akaja Malakia na namba imeandikwa kwenye karatasi. Nikaiingiza. Kompyuta ikaandika: muda umekwisha, salio sifuri. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kufufua kadi. Kimoja tu! Kidole kimoja, na yule mjane angepika.

Sikukibonyeza. Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Kilichokuwa ndani ya kadi ile nilikuwa nimeshakinunulia sabuni za kuuza. Na Mama Betty alikuwa pale kwenye mizani, na kukibonyeza ilikuwa ni kukiri mbele yake kwamba alisema kweli. Nikamwambia Roza, "Kadi haina kitu."

Roza akashangaa. "Haina kitu aje? Nani amekula? Rebeka amekuja hapa kuchukua?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Ningeweza kusema hapana. Neno fupi tu. Nikainua mabega, nikatazama pembeni kama mtu asiyetaka kumchongea mwenzake. Mabega yangu yalisema uongo ambao mdomo uliogopa kuusema. Roza akakunja ile karatasi akasema, "Kalas, imetosha. Nimejua," akatoka.

Mama Betty akaacha kupima. "Huyo mama hapana kuja hapa hata siku moja," akasema. "Wewe iko najua." Nikamwambia aendelee na kazi.

Siku ya arobaini watu walifika Mangateen, wakakuta sufuria zimefunikwa na hakuna kitu ndani. Roza akasimama mbele ya wazee akasema kadi ya karama ililiwa kwa siri, duka limethibitisha. Rebeka aliapa, alilia, akaonyesha simu. Nani anamsikiliza mjane dhidi ya kompyuta? Kaka mkubwa akasema mwanamke aliyekula chakula cha maiti hawezi kulea watoto wa ukoo. Poni na Lado wakachukuliwa mchana ule ule. Lado alishikilia mguu wa meza, wakamtoa na meza yenyewe mpaka nje.

Haya yote Mama Betty alinisimulia kesho yake, kwa maana alikuwepo; alijaribu kumtetea Rebeka, wakamwambia mpima sukari hajui mambo ya kompyuta. Hakupaza sauti. Aliweka ufunguo wa duka juu ya mizani akasema, "Mimi hapana weza kula mkate ya hii duka." Akaenda. Kaka yake Rebeka akaniandikia kutoka ng'ambo: dada yangu, nisaidie, ni nani aliyetumia kadi? Ujumbe ule niliusoma, sikujibu. Akaandika tena. Sikujibu.

Jumapili nikaja hapa kuongoza wimbo. Mnakumbuka siku ile sauti ilinikauka? Mkasema ni kifua, mkaniletea asali na tangawizi. Haikuwa kifua! Nilifungua mdomo nikamwona yule mtoto na mguu wa meza. Sikuona malaika, sikusikia sauti kutoka juu. Nilisikia tu aibu, na nikajua kwamba nisipoitoa nitazikwa nayo. Kama huo si mkono wa Mungu, basi mimi sijui mkono wake unafananaje.

Kesho yake nikaenda Mangateen na gunia la unga kichwani. Nikapiga magoti mlangoni kwa Rebeka nikamwambia kila kitu: swali la siku thelathini, sabuni, kitufe, mabega. Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anipige, ningeshukuru.

Akasema, "Unga wako rudi nao. Hapa nani atakula? Wewe umenisema mbele ya ukoo. Nenda ukaniseme tena mbele ya ukoo."

Nikamwomba tuandike barua. Akasema hapana. "Uliwaambia kwa mabega yako. Peleka hayo mabega."

Ndugu zangu, sijawahi kuogopa namna ile! Nilikwenda Juba Na Bari, na Mama Betty, Mungu ambariki, alinisindikiza ingawa hakuwa akisema nami. Wazee walikaa, Roza alikaa, Rebeka alisimama karibu na lango. Nikawaonyesha kwenye simu: kadi haikutumika hata mara moja, ilikufa ilipotimiza siku thelathini, kilichomo nilikichukua mimi. Nikasema, huyu mwanamke hakula chakula cha maiti. Aliyekula ni mimi. Roza alijifunika uso kwa leso. Kaka mkubwa akaniuliza jambo moja: "Na wewe unaimba kanisani?" Nikasema ndiyo. Akatema mate chini. Nikaona ni haki yangu.

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Sikufunguliwa kwa kusamehewa, maana siku ile hakuna aliyenisamehe. Nilifunguliwa kwa sababu uongo ulinitoka, na nilipotembea kurudi Malakia nilikuwa nalia barabarani mchana kweupe, watu wananitazama, na kifua changu kilikuwa chepesi. Bwana asifiwe! Lakini sitawadanganya tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Poni alirudishwa wiki ile ile, yuko kwa mama yake. Lado alikuwa ameshapelekwa kijijini kwa babu zake, na mvua zilipoanza barabara ilifungwa. Kaka mkubwa amesema atamleta. Mpaka leo hajamleta. Mama yake anasubiri, na mimi nasubiri naye.

Ile programu niliiacha. Nimechukua ile ya kwanza, ya gharama, na Mama Betty amerudi kwenye mizani kwa sharti kwamba asome kila ninachokibonyeza. Kila kadi iliyokufa nimeifufua, na bango la Mangateen nimeling'oa kwa mikono yangu. Ndugu yangu uliyekaa hapo na jambo lako, uliyeinua mabega mahali ulipopaswa kusema, usingoje sauti ikauke. Mwamini Bwana. Atakutoa, ingawa hatakutoa kwa njia unayoipenda.

Kadi ya Rebeka ilikuwa ya kwanza kufufuliwa. Nilimpelekea namba mpya, akaifunga tena kwenye ncha ya kitambaa kile kile. Ameniambia haitumii mpaka Lado arudi, na siku hiyo atapika karama, na mimi nitaosha sufuria. Ndugu zangu, kadi hiyo sasa haina siku ya kufa. Simameni, tushikane mikono, tumwombee mtoto.