Betri ya Kuzimia Injini

Kwenye kivuko cha kutoka Msanga Mkuu, dereva wa lori alipakata betri kama mtoto mchanga. Mama muuza chai akamuuliza ni ya nini.

"Ya friji ya insulini yangu, mama. Foleni ya korosho pale ghalani ni siku tatu, nami nilikuwa naacha injini ikiunguruma ili dawa isiharibike. Sasa nitaizima. Fundi mmoja kanipa betri hii, Mungu amjalie."

"Alhamdulillahi! Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukiniungia mihogo kwa moshi wa dizeli pale bandani kwangu, kando ya ghala! Kesho njoo bandani, nikupe chai ya shukrani."

"Bila sukari, mama."

"Hiyo si chai, baba, ni adhabu!"

Kivuko kikagusa gati, wakashuka wakibishana, betri wameishika wote wawili.