Historia ya Dada Yetu, Mwalimu Moyo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, muuza nyama wa sokoni, familia imenichagua nisome kwa sababu sauti yangu haihitaji spika, hata waliobaki makwao wananisikia.

Dada yetu, mliyemwita Mwalimu Moyo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, akaanza shule mwaka 1970, akasoma mpaka vitabu vikamwogopa, akahitimu ualimu mwaka 1984, wakati huo mimi na darasa la sita tulishaachana kwa makubaliano.

Tarehe 14 Januari 1985 aliajiriwa kufundisha sayansi shule iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, na kila muhula alikuja buchani kwangu kuchukua moyo wa ng'ombe, anaupasua mbele ya darasa, watoto wanaingiza vidole, jina likamganda. Mwaka 1988 alifunga ndoa na shemeji, dereva wa lori, mpole mpaka lori lenyewe linamdharau, wakajaliwa mabinti wawili, muuguzi na fundi umeme.

Mwaka 2021 kampuni moja ya teknolojia ilileta vishikwambi shuleni, bure, nami kitu cha bure kinacholetwa na watu wa tai huwa nakizunguka kwanza. Ukielekeza kishikwambi kwenye dawati tupu, kwenye kioo chake unaona moyo umesimama juu ya dawati, mkubwa kama jokofu, unapiga, ukinyoosha mkono unashika hewa, nikaenda nyuma nione kama una mgongo, nikakuta unao, nikazidi kuogopa. Dada akanicheka, "Muuza nyama mzima unakimbia moyo!" Nisimsingizie, alikipenda, kwani mwanafunzi mmoja aliyekuwa hajui kama vali ni mdudu au dawa alisogea nacho mpaka ndani ya moyo, akaona vali inavyozuia damu isirudi, akawaeleza wenzake, Dada akatokwa machozi.

Mwaka 2023, alipokuwa anastaafu, kampuni ikataka kumrekodi sura, sauti na mikono, ili darasa lolote likiinua kishikwambi limwone amesimama anafundisha, hata akishafariki. Akauliza, mtoto akileta swali jipya nani atajibu kwa mdomo wangu, wakasema mtambo utatunga, akawaambia, "Mimi nisipojua nasema sijui. Hicho chenu kitasema?" Wakatawanyika kama kuku waliosikia radi, bila saini yake.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitali kuu, watu wa kampuni wakamfuata huko na maua ya kutosha kuficha ng'ombe, wakiomba sauti yake kidogo tu, akafumba macho mpaka wakaondoka, ndipo akamwambia mumewe, "Nikifa watakuja kwenu. Msikubali." Alifariki tarehe 3 Machi 2025, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wenzake, na kampuni kwa maua. Ila wewe kijana wao wa shati jeupe hapo karibu na jeneza, tangu nianze kusoma umeinua simu, ishushe. Kama unanipiga picha mimi nakuelewa, sura ninayo. Kama ni Dada, jibu la familia ni lile lile, moyo wenu uendelee kufundisha watoto, ni kazi nzuri, lakini yeye hatumtoi.

Pumzika Dada, kwa amani, na asitokee mtu wa kukuwasha.