Bwana Milimita na Ukurasa Alioutoa

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yenu ni kaka yetu, ambaye kiwandani mlimwita Bwana Milimita, na mimi dada yake mkubwa nimekabidhiwa karatasi hii niisome kama alivyotaka, bila kupunguza.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha umeme wa viwandani mwaka 1981. Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa na kiwanda cha vifuniko vya chupa, akawa fundi wa kubishana nusu siku kwa ajili ya milimita moja. Alifunga ndoa na mkewe, fundi cherehani, tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa mabinti wawili, naye akamlea mdogo wa mkewe kama mdogo wake mwenyewe, akamwombea kazi kwenye mashine ya kukata bati.

Mwaka 2009 aliagizwa kulinganisha vidhibiti vitatu vya mashine hiyo, vifaa vinavyoamuru mkono wa mashine uende, ugeuke na usimame. Alivipima wiki tatu. Cha kwanza kilipoteza hesabu kila kilipopata joto, cha tatu kilikwenda polepole lakini kilisimama papo hapo mlango wa kinga ulipofunguliwa, cha pili kilivishinda vyote kwa kasi, ila kikiamriwa kusimama, mkono ulizidi kusogea upana wa kiganja. Yote hayo aliyaandika. Meneja alipomwambia, "Mimi nataka kasi, na kiti cha mkuu wa karakana kiko wazi," kaka aliutoa ukurasa wenye kasoro hiyo kwenye ripoti, akatia sahihi kinunuliwe cha pili.

Tarehe 6 Mei mwaka huohuo, saa nne asubuhi, shemeji yake alifungua mlango atoe bati lililokwama, mashine ikamkata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Mbele ya kamati ya uchunguzi kaka alisema huyu ni mzembe, shemeji akafukuzwa, kaka akapewa kiti. Mkewe alihamia chumba cha mabinti, na hakurudi tena.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2022. Wiki ya mwisho alimwita shemeji, akamweleza habari ya ukurasa, akalia, akasema, "Nisamehe, shem." Shemeji akamjibu, "Uliniita mzembe mbele za watu. Kayaseme haya mbele za watu." Kaka hata kukaa hakuweza, akaniagiza mimi. Alikata roho Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi. Shemeji amekaa mstari wa nyuma, ameniomba nisiwaambie kwamba amesamehe, kwa kuwa hajasamehe.

Kaka, nimeyasema. Pumzika kwa amani, ukiipata.