Paneli za Mama Barafu

Kijiwe kilikuwa ubavuni mwa kibanda cha kinyozi: benchi refu, mguu mmoja umefungwa kamba, na birika la kahawa katikati. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jua linawaka kama lina ugomvi na watu. Mama Barafu alikuwa amefura kwa hasira. Juu ya paa lake kulikuwa na paneli sita za sola, zimeungwa kwenye umeme wa mtaa kwa kibali na muhuri. Dukani, friji mbili zimejaa samaki wa watu. Waliomfungia hawakumwambia kwamba umeme wa mtaa ukikatika, na wa kwake unajizima. Alikuja kujua umeme ulipokatika mara ya kwanza na samaki wakaharibika.

— Paa langu, paneli zangu. Wao wakizima, mimi nizime kwa nini?

— Wivu tu, alisema Profesa, ambaye hakuwahi kufundisha popote. Hawataki uone wakati wao hawaoni.

Kinyozi alikataa. Yeye alikuwa na hakika kwamba ile mita mpya aliyofungiwa pamoja na paneli inalinyonya jua la Mama Barafu na kulipeleka kwenye viyoyozi vya wakubwa. Profesa hakukubali kuzidiwa. Mwakani, alisema, watafunga mita kwenye kamba za kuanikia nguo, maana nazo zinatumia jua.

— Na huo upara wako wataupimaje? aliuliza Kinyozi.

Mama Barafu hakucheka. Jana alikuwa amemwita Cheche, fundi wa mtaa, aunge waya wa kuiruka ile swichi inayoizima sola umeme wa mtaa ukikatika. Sasa mtaa wote kimya, friji zake zinanguruma.

— Tumewakomesha, alisema Cheche, akijimiminia kahawa.

Hapo akatokea mtu wa umeme, kofia ngumu kichwani, ngazi begani. Akasalimia, akaiegemeza ngazi kwenye nguzo iliyo mbele ya duka. Waya umekatika, alieleza, amekuja kuuunga. Wakamvamia kwa maneno, na Mama Barafu ndiye aliyemfokea zaidi. Mtu wa umeme akavaa glavu zake taratibu, macho juu ya paa.

— Kuna umeme wowote unaorudi kutoka kwenu kuja kwenye hizi nyaya?

Profesa akatazama viatu vyake. Kinyozi akakumbuka ana mteja, na kiti chake kitupu. Cheche akajificha nyuma ya kikombe.

— Nauliza kwa sababu kipimo changu cha umeme kimekufa, na ofisini hawajaleta kingine. Na ninapanda.

Ndipo Mama Barafu alipoelewa ile swichi iliwekwa kwa ajili ya nani: mtu aliye juu ya nguzo, umeme wa paa lake usimuue. Hasira yake haikupoa, iliongezeka. Akamgeukia Cheche.

— Wewe ulijua?

Mama Barafu aliingia dukani, akavuta swichi kubwa ya sola mpaka ikalia tak. Friji zikanyamaza. Akasimama kidogo, kiganja juu ya mfuniko, akiwafikiria wenye samaki na atakavyowaambia. Kisha akatoka.

— Nimezima. Panda, baba, na ufanye haraka. Ukishuka salama nitakutukana wewe na ofisi yako yote.