Mhandisi Aliyefunga Kisima Chake

Mwisho wa Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, mhandisi wetu wa visima anastaafu. Idara imemnunulia saa ya ukutani, yeye ambaye hajachelewa hata siku moja. Akili hizo hizo za idara ndizo zilizotaka kutunywesha bahari.

Alikuja kijana mkaidi, shati halijui pasi, na chai ninayowapikia hapa idarani akaionja kwa ncha ya ulimi kama anapima sumu. Ukaidi upo. Pasi bado.

Kazi yake ni hii. Chini ya mji wetu kuna mchanga, na humo maji ya mvua yamelala juu ya maji ya bahari. Ukivuta taratibu, unakunywa ya juu. Ukivuta kwa fujo, ya chini yanapanda, mchanga unayakoroga pamoja kama uji. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Naye alifanya pupa. Kisima kikubwa kilipoanza kuonja chumvi, aliamuru pampu ivute kutwa kucha, eti chumvi isuuzike kama ukoko wa sufuria. Ikazidi. Siku hiyo alikaa jikoni kwangu mpaka chai ikapoa, kisha akaenda mkutanoni akasema, "Nimekosea mimi. Kisima nakifunga."

Wacha wee. Meneja wa wakati ule, bingwa wa kukata utepe, akataka pampu kubwa zaidi. Majirani wakamwita Mchawi wa Chumvi. Mkewe akatukanwa kwenye foleni ya boza la maji na watu ambao leo wako kwenye kamati ya sherehe, wanachagua rangi ya mapambo.

Hakufungua. Masika mawili mvua ilizama mchangani, ikaisukuma chumvi irudi kwao, polepole, maana kuchanganya ni rahisi, kutenganisha ndio kazi. Asubuhi moja akaniletea glasi ya maji ya kisima kile. Nikanywa. Yalikuwa maji tu, hayana neno. Waliomtukana wakaja na ndoo. Pole hawakuja nayo.

Sasa nasikia wananong'ona kuwa akiondoka tu, pampu kubwa inaingia. Wajaribu. Ufunguo wa kisima kamwachia binti mmoja, fundi wa pampu, asiyecheka ovyo, na njia ya kisimani inapita mlangoni pa jiko langu.

Mhandisi mwanangu, ahsante kwa kutuudhi. Nenda kaishi vizuri na mkeo, ulale mpaka jua likuchome. Kisima tunacho sisi.